Besi Inayotengenezeka Songea

Kabla hujauliza bei ya gitaa la besi, uliza kwanza: likizima Jumamosi jioni, nani atalirudishia sauti kabla ya ibada ya Jumapili? Kwa mtu wa Dar es Salaam swali hilo halina uzito, atapanda daladala mpaka Kariakoo. Kwa mtu wa Bombambili, Lizaboni au Mfaranyaki, maduka yenye akiba ya kueleweka ya vyombo vya muziki yako zaidi ya kilomita 900 kutoka alipo, njia ya Njombe, Makambako na Iringa. Umbali huo ndio unaoamua mambo karibu yote yanayofuata hapa. Nunua besi ambayo fundi redio wa Songea anaweza kuifungua, kuielewa na kuirudisha kazini siku hiyo hiyo. Rangi, jina la kampuni na wingi wa nyuzi vije baadaye.

Besi ya fundi redio

Besi ya namna hiyo ipo, tena ni ya zamani. Leo Fender alikuwa na karakana ya redio katika mji wa Fullerton, California, na mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Mwaka 1951 alitoa Precision Bass, besi ya umeme ya kwanza kupata soko kubwa, na mwaka 1960 akaleta Jazz Bass. Ukiifungua mojawapo ya hizo, au nakala yake ya kawaida, unakutana na vitu vichache: sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana (ndiyo pikapu), voliumu moja au mbili, kitufe cha toni, kapasita moja, na tundu la jeki. Hakuna betri wala saketi ya kuchanganya kichwa. Umbo hilo limeigwa na viwanda vingi mno duniani, kwa hiyo daraja la nyuzi, voliumu na hata pikapu za nakala moja mara nyingi huingia kwenye nyingine kwa marekebisho madogo.

Fundi redio atajua kulehemu waya uliokatika kwenye jeki bila kuambiwa. Kuna jambo moja tu la kumweleza, na usiliache, kwa sababu hapo ndipo magitaa mengi yanapoharibiwa kwa nia njema. Voliumu ya besi ya kawaida ni ya kilo-omu 250, imeandikwa A250K au B250K mgongoni. Voliumu aliyonayo fundi kwenye kopo lake, iliyotoka kwenye redio au sabufa, mara nyingi ni ya 50K au 10K. Ukifungiwa hiyo, gitaa litatoa sauti, lakini itakuwa imefifia na kuzibwa, nawe utazunguka mwaka mzima ukilaumu nyuzi. Kapasita ya toni nayo huwa ni ya maikrofaradi 0.047, yenye namba 473 ubavuni. Ukiagiza mzigo kutoka Dar, agiza voliumu mbili za 250K, jeki moja ya inchi robo na kapasita moja ya 473, uviweke ndani ya mfuko wa gitaa. Ni vitu vya bei ndogo, na ndivyo vinavyoharibika.

Sasa zile besi zenye betri, ambazo wapigaji huziita aktivu. Ndani yake kuna saketi ya kukuza sauti, na mara nyingi betri ya volti 9. Zinapendeza: sauti imechongeka, besi na treble unazirekebisha kwa kidole. Lakini saketi hiyo ikifa, fundi wetu hana mchoro wake. Na betri hutumika muda wote kebo inapokuwa imechomekwa, hata kama hupigi, kwa hiyo kijana aliyeacha kebo kwenye gitaa baada ya mazoezi ya Alhamisi anaweza kukutana na mlio uliokatikakatika Jumapili. Kama unaitaka aktivu, tafuta ile yenye swichi ya kuiruka saketi, ili betri ikiisha gitaa liendelee kulia kama la kawaida. Swichi hiyo kwangu ina thamani kuliko mbao yoyote ya kifahari.

Nyuzi tano? Vijana wa vikundi vya kusifu na kuabudu wanazipenda, na kwa nyimbo za kuabudu zinazoshuka chini polepole zina raha yake. Ila uzi wa tano, ule wa B, unatetema karibu mara 31 kwa sekunde. Uzi mnene wa besi ya kawaida, yaani E, unatetema mara 41, na tayari spika nyingi za makanisa yetu zinashindwa kuutoa huo. Utalipia uzi ambao hakuna atakayeusikia. Seti ya nyuzi tano pia ni ghali zaidi na ngumu zaidi kuipata. Nyuzi nne zinatosha mpaka siku utakapokuwa na spika. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ukivuka kutoka Mbamba Bay, uko Nkhata Bay, na huko kuna Gasper Nali, anayepiga babatoni: besi ya kujitengenezea yenye urefu wa mita tatu hivi na uzi mmoja tu, anaugonga kwa kijiti huku akitelezesha chupa. Watu wanacheza. Mtu asikudanganye kwamba uhaba wa nyuzi ndio unaokuchelewesha.

Zinapatikana wapi

Besi iliyokwisha kutumika hapa Songea haikai kwenye rafu ya duka ikikusubiri. Iko kanisani nyuma ya spika, au chini ya kitanda cha mpigaji aliyehamia Mbinga, au kwa mwenye vyombo vya harusi aliyegeukia kazi ya Di-Jei. Tumelelewa hivyo na muziki wa dansi. Vyombo vya bendi ya NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Bendi ya Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS, na mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la DDC. Mpiga besi alikuja na vidole vyake, gitaa likawa la mwajiri. Siku hizi mwajiri ni kwaya.

Hali hii ina maana kubwa kwa mnunuzi. Mtu anayekuuzia besi kwa haraka huenda si mwenye besi. Mwulize kwa adabu gitaa limetoka wapi, na akisema ni la kwaya, usimkatalie, mwambie, "Sawa kaka, basi tuonane na katibu." Kwaya ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na uamuzi wa kuuza chombo hukaa kwenye kikao. Omba barua fupi yenye saini na muhuri. Kwa kununua kwa mtu binafsi, andikianeni mkataba wa mauziano kwenye ofisi ya serikali ya mtaa: majina, namba ya kitambulisho cha NIDA, aina ya gitaa, namba iliyopigwa nyuma ya shingo au kichwani, bei, na mashahidi. Muuzaji wa haki hatakereka. Anayekereka amekusaidia.

Ukinunua dukani Kariakoo kwa simu, mwombe muuzaji akupigie video akilipiga gitaa lenyewe, lile litakalofungwa, si lile la maonyesho. Dai risiti ya EFD. Ukiagiza kutoka nje ya nchi kwa posta, bei uliyoiona mtandaoni si bei yako: ongeza nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, halafu linganisha tena na Kariakoo. Mara nyingi Kariakoo inashinda.

Kuhusu majina yaliyoandikwa kichwani mwa gitaa: maandishi ni stika, na stika inauzwa. Gitaa lenye jina kubwa, skrubu zilizopinda, na rangi iliyomwagikia kwenye freti, linunue kwa bei ya gitaa lisilo na jina, kama likipita majaribio. Linaweza kuwa zuri. Usilipie tu stika.

Lijaribu likiwa kimya

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo fedha inapookolewa. Muuzaji atataka kulichomeka mara moja. Mwambie subiri. Amplifaya nzuri huficha maovu ya gitaa, na chumba chenye mwangwi huficha zaidi. Nusu ya kwanza ya jaribio lako ifanyike bila umeme.

Beba utepe wa kupimia, alenki za saizi kadhaa, na simu yenye programu ya kutyuni uliyoipakua nyumbani. Pima urefu wa uzi kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja. Besi ya kawaida ina inchi 34, yaani sentimita 86 na ushee, na fupi ina inchi 30, sentimita 76. Fupi si mbaya, ni nafuu kwa mtoto au mtu wa vidole vifupi, lakini nyuzi zake ni za kwake na si kila duka linazo.

Shika gitaa kama mtu anayelenga shabaha, jicho likiwa upande wa daraja, utazame shingo mpaka kichwani. Shingo iliyopinda kidogo kwenda mbele kwa mvutano wa nyuzi ni ya kawaida. Iliyojinyonga, yaani upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka, achana nayo hata ukipewa bure, kwa sababu hakuna wa kuinyoosha hapa. Kisha bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mwingine, utazame katikati, karibu na freti ya saba au ya nane. Nafasi kati ya uzi na freti iwe ya kupitisha kadi ya mwaliko wa harusi, si zaidi sana. Ikiwa ni kubwa, au uzi umelala kabisa juu ya freti, marekebisho yanafanywa kwa chuma kilichomo ndani ya shingo, kinachozungushwa kwa alenki. Mwombe muuzaji akizungushe yeye, robo mzunguko tu, mbele yako. Unachotaka kujua ni kama kinazunguka. Kilichoganda au kilichoviringwa meno kinakuambia kwamba tatizo la shingo hiyo halitarekebishika tena.

Na hali ya hewa yetu isikupite. Mbao hunywa unyevu wakati wa masika na kuutema Juni na Julai kunapokuwa na baridi kavu. Gitaa lililotoka pwani ya Dar likifika huku kwenye mwinuko wa Songea linaweza kubadili upindo ndani ya wiki, na ncha za freti zikachomoza pembeni zikakukwaruza kiganja. Ukishalipokea, liache litulie siku chache ndani ya nyumba kabla hujagusa chuma cha shingo. Anayelirekebisha siku ya kwanza atalirekebisha tena.

Pitisha ukucha nyuma ya shingo, pale inapokutana na kichwa. Magitaa yaliyoanguka yakiwa yameegemezwa ukutani huvunjika hapo. Ukucha ukikwama kwenye mstari, pameunganishwa. Si lazima ukimbie. Seremala hodari, na mkoa huu una mafundi waliofundwa vizuri kwenye karakana za misheni ya Peramiho, akiunganisha kwa gundi ya mbao ya Ponal na kubana kwa klampu usiku mzima, kiungo hukaa miaka. Aliyetumia supa gluu amekuuzia kuni.

Sasa piga. Tyuni nyuzi zote, kisha piga kila uzi kwenye kila freti, mmoja mmoja, polepole, bila kukimbilia mapambio. Unatafuta mahali panaponguruma, na mahali panapokufa, yaani noti inayozimika haraka kuliko jirani zake. Besi nyingi za umbo la Fender zina mahali pamoja pa namna hiyo kwenye uzi wa G, karibu na freti ya tano hadi ya saba, na si kosa la kuzirudisha. Zikiwa tatu au nne, ni jambo jingine. Halafu linganisha noti ya freti ya 12 na ile ya mlio wa kengele unaoupata kwa kugusa uzi kidogo tu juu ya freti hiyo hiyo. Simu ikisema zinatofautiana, urefu wa uzi unahitaji kusogezwa kwenye daraja kwa bisibisi. Hiyo ni kazi ya nusu saa, si sababu ya kushusha bei sana. Skrubu ya daraja iliyoliwa na kutu isizunguke, hiyo ndiyo sababu.

Usihukumu gitaa kwa nyuzi zilizochoka. Nyuzi za besi ni ghali, na wapigaji wengi huzichemsha kwenye maji dakika kadhaa ili zitoe uchafu na kurudisha mlio. Inafanya kazi, kwa muda mfupi. Ukikuta gitaa la zamani linalia kwa ukali wa kushangaza, uliza tu kwa upole kama nyuzi zimepitia jikoni wiki hii.

Sasa chomeka

Zungusha kila kitufe mwanzo hadi mwisho huku spika ikiwa na sauti ya wastani. Mkwaruzo mdogo ni vumbi, unaondoka kwa dawa ya kusafishia voliumu. Sauti inayokatika kabisa mahali fulani ni voliumu iliyokufa, nawe tayari unajua ya kununua. Tikisa jeki. Kisha gusa taratibu sumaku za pikapu kwa ncha ya bisibisi, kila moja. Lazima isikike tiki. Kama fundi redio yupo na mita yake, mwambie apime kwenye ncha za kebo, voliumu zikiwa juu: pikapu ya aina ya Precision hutoa karibu kilo-omu 10 au 11, ya Jazz moja moja 7 au 8, na zote mbili zikiwa wazi namba hushuka hadi nusu hivi. Mita isiposoma kitu kabisa, waya umekatika mahali fulani, na kama ni ndani ya pikapu, hesabu pikapu mpya. Kipimo hiki ni cha besi zisizo na betri tu.

Lijaribu mahali utakapolipigia. Ukitoa sauti nzuri sebuleni kwa muuzaji kisha kanisani ikatoka kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, huenda gitaa halina hatia. Pikapu ya kawaida inataka kuingia kwenye tundu lenye ukinzani mkubwa, kama mega-omu moja. Matundu ya laini ya mixa nyingi yana kilo-omu 10 hivi tu, nayo humeza ung'aavu wote. Tafuta kwenye mixa tundu lenye kitufe kilichoandikwa Hi-Z, au weka katikati kisanduku cha DI, kinacholinganisha ukinzani huo. Kwa kanisa lenye mixa na spika kubwa tayari, DI nzuri ni ununuzi wa busara kuliko amplifaya mbovu ya besi.

Na kama kuna kinanda, mwambie mpigaji azime besi ya kinanda. Staili za kinanda huja na besi yake ndani, na kamati nyingi za kwaya zimefikia uamuzi kwamba gitaa la besi "halisikiki" huku zikisikiliza besi mbili zinazogombana.

Amplifaya, sabufa, na namba za uongo

Fedha yako ikiwa ndogo, igawe hivi: gitaa la kawaida, spika ya heshima. Wengi hufanya kinyume, halafu besi ya bei mbaya inachomekwa kwenye sabufa ya sebuleni. Sabufa imetengenezwa kupiga muziki uliokwisha kubanwa studio. Uzi wa E uliokung'utwa kwa kidole ni pigo ghafi, na koni ndogo hupasuka au koili yake huungua. Kwa mazoezi ya chumbani kwa sauti ya chini inavumilika. Kwa harusi, hapana.

Namba kubwa iliyoandikwa mbele ya boksi, ile ya PMPO ya maelfu ya wati, isome kama salamu. Geuza kifaa utazame kibandiko cha nyuma kinachosema kinatumia umeme kiasi gani. Chombo kinachokula wati 80 ukutani hakiwezi kutoa wati 1,000 kwenye spika kwa mfululizo; hakuna muujiza hapo. Tafuta namba iliyoandikwa RMS. Kwa besi inayopigwa pamoja na dramu kwenye ukumbi mdogo, wati 100 za RMS ndiyo mwanzo wa mazungumzo, 200 au 300 ndiyo raha, na spika iwe ya inchi 15, au za inchi 10 mbili.

Jaribu spika hivi. Weka vidole vya mikono miwili pande zote mbili za koni, uisukume ndani taratibu na kwa usawa. Ukisikia mkwaruzo, koili imehama. Kisha piga E iliyo wazi, uiache ilie, uongeze sauti hatua kwa hatua. Kishindo kinachochafuka ghafla au harufu ya waya unaochomeka, zima. Usione aibu kunusa amplifaya ya mtu nyuma kwenye matundu ya hewa, ni kipimo cha mafundi.

Halafu volti. Vyombo vya mtumba vinavyotoka Japani ni vya volti 100, na vya Marekani ni 120. Umeme wetu ni 230. Baadhi vina swichi nyuma, vingine havina. Soma kibandiko kabla mkono haujafika kwenye soketi. Chombo cha volti 100 kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi matumizi ya chombo chenyewe, na gharama hiyo uitoe kwenye bei unayompa muuzaji. Tangu Songea iunganishwe na gridi ya taifa mwaka 2018 kupitia laini ya Makambako, mambo ni nafuu kuliko enzi za mitambo ya dizeli, lakini umeme hukatika na kurudi kwa kishindo bado. Kifaa cha kinga ya umeme ni lazima. Kwenye mkutano wa injili wa jenereta, washa jenereta kwanza, lisubiri litulie, ndipo uwashe amplifaya. Wakati wa kuzima, anza na amplifaya.

Kuna jambo la uhai pia. Mpiga besi anayeimba ameshika nyuzi za chuma kwa mikono na midomo iko kwenye maiki ya chuma. Kama amplifaya yake imechomekwa kwenye soketi moja isiyo na ethi na mixa kwenye nyingine, umeme unaweza kupita mwilini mwake kati ya vitu viwili hivyo. Kabla hujaimba, pima kwa mita, ikiwa kwenye volti za AC, kati ya nyuzi za gitaa na kichwa cha maiki. Ikisoma makumi ya volti, usiguse. Chomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi inayofanya kazi. Na mtu anayekata au kuziba pini ya ethi ili kuondoa mngurumo, mtoe jukwaani.

Bei na msimu

Bei hubadilika, kwa hiyo beba njia badala ya namba. Siku unayotaka kununua, uliza kwa WhatsApp maduka matatu ya Kariakoo bei ya gitaa jipya la aina hiyo au linalofanana nalo, ongeza nauli ya mzigo mpaka Songea. Lililotumika vizuri, lisilo na kasoro, lisizidi theluthi mbili za jumla hiyo. Ondoa hapo bei ya nyuzi mpya kama zilizopo zimechoka, na ya kila kipuri ulichokiona kimekufa. Mwoneshe muuzaji hesabu. Kupatana kwa karatasi kunaenda haraka kuliko kupatana kwa maneno.

Msimu nao una nguvu. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, na Mbinga ni kahawa. Mavuno yakishauzwa, kati ya Julai na Oktoba, kamati za kwaya zina mfuko na bei hupanda. Januari hadi Machi, ada za shule zimekamua watu na ghala liko tupu, wauzaji ndio wanaokutafuta. Nunua wakati huo ukiweza, uza wakati ule.

Ukiuza wewe

Badilisha jeki inayotikisika kabla hujamwita mtu, maana kasoro ndogo inayosikika humfanya mnunuzi aogope kubwa zisizokuwepo. Futa jasho kwenye nyuzi na freti. Kasoro ambazo huwezi kuzitengeneza ziseme mwenyewe, uzipige picha karibu, uziandike kwenye mkataba. Uza gitaa na amplifaya kila kimoja peke yake. Mwenye kutaka vyote atakuja, na wenye kutaka kimoja ni wengi zaidi.

Jaribio lifanyike kwako au kanisani kwake ukiwepo. Gitaa lisiondoke "kwa majaribio ya Jumapili moja" bila nusu ya fedha, hata kwa mtoto wa shangazi. Ukilipwa kwa simu, angalia salio la akaunti yako. Ujumbe wa kuthibitisha malipo unaweza kughushiwa na kutumwa na mtu aliyesimama mbele yako.

Kama mnunuzi yuko Tunduru, Namtumbo au Njombe, gitaa litasafiri kwa basi. Legeza nyuzi kidogo, usizitoe zote, ili shingo isibaki bila mvutano wowote. Toa betri kama ipo. Jaza nguo au sponji chini ya kichwa na pande zote za shingo, kisha weka mfuko ndani ya boksi gumu. Kataa lisilazwe chini ya magunia kwenye buti. Lipie nafasi ya juu ya mizigo au kiti kama ni lazima. Andika majina na namba za simu za wote wawili nje ya boksi na nyingine ndani, piga picha stakabadhi ya mzigo, umtumie mnunuzi pamoja na namba ya basi, na mwambie alifungue palepale stendi, mbele ya karani, kabla hajasaini.